Tanga la Kuanikia Maharage

Maharage yanayokauka juani juu ya tanga kuukuu yana harufu yake. Ni harufu ya udongo, ya maganda, na ya kitambaa kizito kilicholowa na kukauka mara nyingi. Nimeikosa miaka mingi. Hapa Soweto, Mbeya, ninapoishi, naanika maharage yangu uani juu ya turubai la nailoni, na nailoni inanuka duka tu. Mwezi uliopita nilikuwa nimeinama nayapindua, binti yangu Neema akanijia na simu mkononi, akaniuliza kama Mufindi nilikokulia kuliwahi kuwa na boti.

Kumbe kuna watu huko duniani ambao kazi yao, au niseme ugonjwa wao, ni kutafuta aina za boti ndogo za tanga zilizosahauliwa. Si meli, si mashua za wavuvi. Ni vile viboti vya watu wawili alivyovibuni mtu fulani katika karakana yake, vikapendwa kidogo, kisha vikaachwa. Neema alikuwa amekutana na picha yao moja isiyo na rangi: wazungu wenye kaptula wamesimama kando ya bwawa, chai imejaa mlimani nyuma yao, na boti imeegeshwa majanini. Chini wameandika kwamba ya aina hii huenda haikubaki hata moja, mwenye habari awaambie.

Nikavaa miwani, nikatazama. Nikamwambia, "Ule ubao wa nyuma ni wa bibi yako, wa kukatia mboga."

Hakunielewa, na najua nanyi hamjanielewa, kwa hiyo nianzie mbali kidogo.

Baba yangu alianza kazi kwenye mashamba ya chai akiwa kijana, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutunza boti za mameneja kwenye bwawa la kampuni. Alizisugua, alizipaka rangi, alizivuta nchi kavu. Jumapili mabwana walishindana. Boti ile ilitaka watu wawili, mmoja wa kuongoza na mmoja wa kuning'inia nje, upande upepo unakotoka, ili isilale. Mwenzi wa bwana mmoja asipofika, aliitwa Baba. "Mimi nilikuwa uzito," alikuwa akituambia, na alilisema kwa fahari kama mtu anayetaja cheo. Kidogo kidogo wakamwachia na usukani. Mabwana walipoondoka, boti nyingi ziliishia kuwa kuni, na moja akapewa yeye. Akaileta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe, juu kabisa mlimani, ambako maji mengi kuliko yote yalikuwa ya kijito cha kufulia.

Nasikia Mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaipangia kazi. Alikuwa na neno lake, kwamba kisicho na kazi hakilali kwake, na alilitumia kwa watoto, kwa kuku na kwa wageni waliokaa mno. Mwili wa boti uliwekwa kando ya zizi, ukatiwa maji, ndama akanywea humo. Mlingoti ulisimamishwa kwenye kona ya nyumba kubeba waya wa redio. Usukani ukawa ubao wa kukatia mboga. Ule ubao mrefu unaoshushwa majini katikati ya boti ukawa rafu ya vikombe. Na tanga, bila shaka, likawa la kuanikia maharage. Lilikuwa na ndege aliyekatwa kwa kitambaa chekundu na kushonewa, amenyoosha shingo. Neema anasema ni ndege wa bahari za huko Ulaya. Sisi tulimwita kuku, na kwangu atabaki kuku.

Mimi nilizaliwa nikavikuta vyote hivyo vipo kazini, na sikujua kabisa kwamba ni kitu kimoja. Boti lilikuwa neno la Baba la kusimulia jioni. Zizini palikuwa na hori tu.

Hori lile lilinitesa. Ndama alipokuwepo, sawa, ndama hunywa. Lakini ndama aliuzwa, na bado Mama alinituma kijitoni na ndoo. Maji yakipungua tunajaza, yakichafuka tunamwaga, tunasugua, tunajaza tena. Nikiuliza nani anakunywa humo, naambiwa nyuki nao wana kiu. Na kama hilo halitoshi, tanga likichanika kidogo, Mama alilishona palepale kwa sindano ya magunia, pamoja na yale matundu ya pembeni ya kupitishia kamba. Maharage hayahitaji matundu ya kamba. Lakini nilikuwa mtoto, na nilimhesabu Mama kuwa mtu anayependa kazi kama wengine wanavyopenda sukari.

Nilipokuwa darasa la nne, Baba alipunguzwa kazini. Alirudi, akakaa kwenye kiti cha kibarazani, na hapo akabaki. Hakunyoa ndevu. Redio haikuwashwa. Wazee wa usharika walikuja kuomba naye; aliitikia amina, akawasindikiza hadi njiani, akarudi kwenye kiti. Habari za upepo na Jumapili za bwawani zikakoma, na nyumba yetu ikawa kimya kiasi kwamba nilikuwa naogopa kutoka shule kwenda nyumbani.

Ndipo akaja Mama Sida, mpika komoni wa pale kijijini, kutuomba lile hori la boti achachushie pombe yake. Baba hakuinua uso. "Achukue," alisema. "Imekuwa hori, na iwe pipa." Wakakubaliana aje Jumatatu na vijana wa kulibeba. Mama alikuwa mlangoni na ubao wake wa mboga mkononi. Ungedhani atafurahi, maana kama kuna mtu aliyeicheka boti ile, ni yeye.

Jumamosi asubuhi aliyamwaga maharage yetu yote ya mwaka ule kwenye jamvi na magunia, akalikung'uta tanga. Akaosha ubao wa mboga. Akavishusha vikombe sakafuni. Halafu akaenda kusimama mbele ya kile kiti.

"Baba Vumi, kabla hicho kidude hakijaondoka, nataka nikione kilikuwa kinafanyaje."

Baba akasema haiwezekani, miaka yote ile, itavuja.

"Haivuji," Mama akasema, akaenda kuazima mkokoteni kwa jirani.

Tulipofika kwenye bwawa la kampuni, mlinzi alikuwa mtu aliyefanya kazi na Baba. Tulisalimiana kamwene, salamu ya kwetu, akatutazama, akatazama mkokoteni, akakumbuka kwamba ana jambo la kukagua upande wa pili. Baba alianza polepole, kisha mikono ikakumbuka yenyewe. Nikaona ubao wa mboga ukienda kukaa nyuma, rafu ya vikombe ikishuka majini, na tanga letu la maharage likipanda juu ya mti wa redio, kuku mwekundu kileleni, huku punje za maharage zilizosalia mikunjoni zikitudondokea vichwani. Nilibaki mdomo wazi. Nikavua ndala, nikajiweka tayari kupanda.

Baba alinipima kwa macho. "Wewe Vumi huna uzito," akasema. Kisha akamgeukia Mama.

Mama yangu alikuwa hajawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Alijifunga khanga mara mbili, akasema jina la Yesu, akaingia. Upepo wa Juni wa kwetu hauna huruma. Ulilijaza lile tanga na kuwachukua. Nilisikia Baba akimwelekeza kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, aegemee nje, aegemee zaidi, asiogope, yeye amemshika. Na Mama, mtu wa umoja wa akina mama wa usharika, kilemba kimefunguka, akaning'inia mgongo juu ya maji huku kamba kaing'ang'ania. Kisha nikasikia wakicheka, wote wawili. Mimi nilikaa ukingoni nimenuna, kwa wivu mtupu.

Waliporudi, wao walikuwa wamelowa chepechepe, ila ndani ya boti hapakuwa na maji ya kuzungumzia. Mama alisema tu kwamba kuna baridi.

Manyunyu yalitukuta njiani, na yakayakuta maharage uani. Mama, ambaye kwa kawaida angekurudisha mlangoni kuokota punje moja, aliyapita akaingia ndani. Tulikula maharage yaliyochipua kwa muda mrefu mno. Jumatatu Mama Sida alimkuta Baba amenyoa ndevu, naye Baba akamwambia kwa adabu kwamba boti haitolewi tena. Wiki ile ile Baba akaanza kuchonga mizinga ya nyuki, kazi iliyotusomesha. Vipande vya boti vikarudi kazini, na mimi nikarudi kwenye ndoo yangu.

Kisa hiki nimekisimulia miaka mingi kama kichekesho. Neema ndiye aliyeniuliza, picha bado ikiwa mkononi, imekuwaje chombo kilichokaa zizini miaka yote kisivuje. Nikampigia Mama.

Baba alishatutoka. Mama anaishi palepale, na simu huiweka kwenye sikio linalosikia. Nilimuuliza mbona boti haikuvuja, na yale maji yalikuwa ya nini. Akashangaa kwamba sijui. Babu, baba yake, alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mwanzi, na mbeta zake, vile vipande vya mwanzi vya kukingia ulanzi, hazikuachwa zikauke hata msimu ukiisha; zilitiwa maji.

"Zikikauka zinapasuka," alisema. "Ubao nao ni hivyo hivyo."

"Lakini Mama, boti si uliicheka?"

"Niliicheka, ndiyo. Ila kitu kisicho na kazi watu wanakitia motoni. Nikakipa kazi, kikakaa."

Nililia, siwafichi. Miaka yote niliamini kwamba Mama aliishinda boti ya Baba kipande kwa kipande, kumbe alikuwa anamtunzia, kila kipande kizima, kwa siku ambayo hakuijua. Niliubeba upendo ule kwa ndoo kutoka kijitoni huku nikilalamika.

Nikamwambia kwamba kuna watu wanaitafuta boti kama ile, na wanadhani imekwisha duniani. Nikauliza, kwa kuogopa, kama lile hori bado lipo, maana Baba hayupo, na ng'ombe hakuna tena.

"Lipo," akasema. "Nimelijaza leo asubuhi."