Mswaki wa Mama Juu ya Mlango

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Ushirombo mswaki wa mtu aliyesafiri haukutupwa. Ulikuwa kijiti cha mti kilichotafunwa ncha, na bibi aliuchomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mlango, mpaka mwenyewe arudi. Ukikaa mkavu, mwenyewe ni mzima. Ukilowa bila mvua, mfuateni.

Mama alipokwenda Nyarugusu kuosha mchanga wa dhahabu, wake ulichomekwa pale. "Nitarudi mvua zikianza," alisema. Mvua zikaanza, zikaisha. Nilikuwa na miaka minane na dhahabu haikunihusu. Nilimtaka mama yangu.

Asubuhi moja ya kiangazi, bibi akiwa kisimani, nilipanda juu ya kinu nikauchomoa. Kukanyaga kinu nako ni mwiko, lakini siku hiyo nilikuwa navunja miiko kwa jumla. Nilitaka tu kuonja mdomo wa mama. Nilitegemea uchungu wa mti. Nikaonja chuma, kama niliyelamba msumari wenye kutu. Nikatema, nikasukutua, nikatema tena, chuma kikabaki palepale. Jua lilikuwa limeshatoka, kuku wanaparua uani. Nikaurudisha mbio.

Bibi alitua ndoo, akatazama juu kama ilivyokuwa kawaida yake, akaugusa kwa kidole.

"Kabula, mvua imenyesha hapa?"

"Hapana, bibi."

"Wewe umeugusa?"

"Hapana."

Hakuuliza tena. "Ng'wanone," alisema taratibu, akimwita mwanawe aliye mbali. Akajifunga kitenge, akaniacha kwa jirani, akaenda kupanda basi.

Siku ya tatu walirudi wote wawili. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa kanga. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa ndani bila kuifunua. Bibi alichemsha magome na chumvi, akampa asukutue. Kanga ilipoondoka niliona fizi zimevimba, zimekuwa nyeusi kandokando ya meno. Alipotema, jino lilidondoka kwenye beseni, naye hata hakushtuka.

"Unasikia nini mdomoni?" bibi aliuliza.

"Chuma," mama akasema. "Kutwa kucha, kama nalamba msumari."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

Magome yalituliza fizi, lakini mikono ya mama iliendelea kutetemeka, kikombe kikimgonga meno. Ndipo bibi akampeleka zahanati. Muuguzi akamuuliza kazi yake, akamtazama mikono, akasema ni sumu ya zebaki. Kumbe kule mama alikuwa akiichanganya na mchanga kwa mikono mitupu ili inase dhahabu, halafu akiichoma kwenye jiko lilelile alilopikia ugali. "Angekaa huko miezi miwili zaidi," muuguzi alimwambia bibi, "ungekwenda kumzika."

Mama hakurudi tena Nyarugusu. Meno sita yalikwenda, na hadi leo akimimina chai, nusu huishia kwenye kisahani.

Bibi alifariki akiamini mswaki ulilowa wenyewe. Yale yalikuwa mate yangu, na jambo hilo lilinitesa miaka mingi, kwa sababu nilijua pia upande wake wa pili: ningesema kweli asubuhi ile, bibi angenichapa, angecheka, na asingepanda basi.

Mwaka jana nilimweleza mama yote. Alicheka, mkono mdomoni kama kawaida yake siku hizi.

"Mate yalikuwa yako, sawa," alisema. "Na chuma je, mwanangu?"

Sasa ninauza chakula Segese, karibu na mgodi. Siku nilipoondoka mama aliuomba mswaki wangu wa zamani, wa plastiki, akauchomeka juu ya mlango, kati ya ukuta na bati. Nilimtania kwamba mizimu haifanyi kazi na plastiki. Lakini kila nikienda nyumbani, kabla sijampa shikamoo yake, nanyoosha mkono juu na kuugusa.