Atoo na Maji ya Tatu

Atoo nilimjua akiwa mke wa sajini Ogwang, na Ogwang huyo tulivaa buti pamoja miaka tisa. Sasa ni marehemu. Mjane wake yuko Kasubi, mtaa wa hapa mjini, ana kibanda cha mbao na mabati, nami kwa kuwa miguu yangu haijui kutulia nyumbani, hupita kwake mara mbili tatu kwa wiki.

Kazi yake ilikuwa odii. Kwa asiyeijua, ni simsim, yaani ufuta, na karanga zilizokaangwa zikasagwa mpaka zikawa rojo zito. Sisi watu wa kaskazini tunachovya muhogo humo, tunaunga nayo mboga. Kusaga si kazi. Kazi ni kuosha. Simsim huja na mchanga, na punje ya mchanga ni ndogo kama simsim yenyewe, ungo hauvitenganishi. Basi unaitia kwenye beseni la maji, unakoroga kwa mkono. Mchanga unatangulia kutua, simsim inachelewa kidogo. Katika kule kuchelewa ndipo unaimimina kwenye beseni jingine. Maji ya kwanza, maji ya pili, maji ya tatu. Ukiinuka katikati, vyote vinatua pamoja, umerudi mwanzo. Zamani Atoo akiosha, ukimsalimu anakuitikia kwa nyusi tu.

Lakini odii haileti foleni. Mtu akinunua kopo leo, utamwona tena baada ya wiki mbili. Jirani yake Sylvanus, Mkenya wa Bungoma anayeuza vifuniko vya simu, alimkuta siku moja amekunja mikono, akamcheka.

"Mama, wewe umefungua duka ama umekuja kuota jua?"

"Naota jua. La Kasubi ni bure."

"Bure ndiyo italeta njaa! Weka kitu kingine hapo mbele. Biashara ni mbio."

Maneno yakamwingia. Akaweka mkaa, akaweka nyanya. Kisha chapati, kisha kutumia watu pesa kwa simu. Kisha akaanza kupokea maagizo ya mbali, boda wanampelekea. Nilikuwa nikipita alfajiri namkuta amekwisha fungua.

"Afande, leo sina hata nafasi ya kupumua!" Alisema hivyo huku anatabasamu, kama mtu anayetaja cheo chake. Nami nilimsifu, sikujua.

Ila jioni nikimuuliza leo umefanya nini, alikuwa anafikiri sana. "Mengi," anasema. "Sijakaa."

Mwezi wa nane akaitwa na Helen, mwanamke wa Lira anayepikia wanafunzi pale Wandegeya. Helen alitaka ndoo ya odii kila wiki, mradi ile ya kwanza impendeze. Atoo alinieleza habari hiyo akiwa ameshika mkono wangu. Ataacha mkaa, ataacha nyanya, simu atazima, arudi kwenye beseni lake. Ndoo moja ya Helen ingetosha kumweka mjini.

"Jumatano naosha," akasema. "Alhamisi naanika, Ijumaa nakaanga na kusaga, Jumamosi tunapeleka."

Jumatano hiyo nilikuwepo. Mkono umeingia majini tu, akaja mtu wa mkaa. Akarudi, akakoroga, akaja mtu wa kutuma pesa. Simu ikalia: boda amepotea Ntinda na nyanya za watu. Chapati ikaungua. Kila mara anafuta mikono, anaondoka, na akirudi simsim imelala na mchanga wake kama mke na mume. Nami njaa iliponishika nikamwagiza chapati mbili, akainuka kunipa. Katika hesabu ya waliomwinua siku ile, nimo.

"Funga duka leo tu," nikamwambia.

"Nifunge? Watasema Atoo ameishiwa."

Alasiri akaitoa simsim kwenye maji ya pili, akaimwaga juu ya turubai.

"Na ya tatu?"

"Imetosha, Afande. Iangalie ilivyo nyeupe."

Kweli ilikuwa nyeupe.

Jumamosi nilimsindikiza. Helen alifunua ndoo, akanusa, akafumba macho. "Hii harufu ni ya nyumbani," akasema. Akamega muhogo, akachovya, akatia mdomoni. Nilisikia mwenyewe nilipokuwa nimesimama. Krr. Ndogo tu. Helen akaacha kutafuna.

"Mama, hii iko na mchanga."

"Kidogo, dada yangu. Wiki hii kazi zilikuwa nyingi sana..."

"Ipeleke kwa fundi," mpishi mmoja akadakia, "apige nayo plasta!" Wenzake wakacheka. Helen akamkemea anyamaze, lakini alikwisha rudisha kifuniko cha ndoo.

"Kazi nyingi najua," akamwambia Atoo kwa upole. "Lakini wanafunzi hawatakula kazi zako, watakula odii. Nitatafuta mtu mwingine. Usinichukie." Akatukaribisha chai. Atoo akakataa.

Tulirudi kwa miguu, ndoo nimebeba mimi. Simu ya Atoo ililia mara tatu njiani na mara zote aliipokea. "Ndiyo, iko. Ndiyo, nakuja. Niko njiani nakuja."

Juzi nimepita tena. Ameongeza mayai na mafuta ya kupima. Watu wamejipanga mpaka barabarani, na Sylvanus akanipigia kelele kutoka kwake: "Mzee, umemwona mama? Sasa hiyo ndiyo biashara!"

Zamu yangu ilipofika nikaomba odii. Akanipa kopo lenye kifuniko chekundu, limetoka sokoni, limesagwa kwa mashine sijui na nani.

"Na yako?"

"Nani ana nafasi ya kuosha, Afande?" Hakuinua macho. Mkono wake ulikuwa umekwisha pita bega langu, unapokea pesa ya mtu wa nyuma.

"Mzee, songa kidogo," mtu huyo akasema.

Nikasonga.