Mbolea Niliyoimimina Kwenye Gari la Mkwe Wangu

Admin, jina langu lizike kabisa, mkwe wangu anashinda humu kwenye ukurasa wako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mkulima wa Kurui, Kisarawe. Shule niliishia darasa la nne, na mwalimu alifurahi kuniona naondoka.

Mkwe wangu anakaa Kongowe, Kibaha. Ana gari la dizeli, refu kama jeneza la tembo, analisifia kuliko anavyomsifia binti yangu. Mwezi uliopita alikuja kutusalimia, likawasha taa ya onyo pale kwenye usukani. Akaniambia, "Baba, linataka adiblu, ile ya kusafisha moshi. Ikiisha, ukizima haliwaki tena."

"Adiblu ndiyo mdudu gani?"

"Ni urea na maji tu, Baba."

Akapanda bodaboda kwenda kuitafuta Kisarawe mjini. Urea! Mimi ndani nina nusu gunia, ya kukuzia mahindi. Mtu mzima na suruali yake ya pasi anakula vumbi kutafuta kitu kilicho chini ya kitanda changu! Nikakoroga vikombe viwili kwenye ndoo ya maji ya kisima, nikafungua kile kifuniko cha bluu alichonionyesha, nikamimina. Aliporudi na dumu lake akajazia juu. Sikumwambia. Nilitaka siku moja nimchambe mbele za watu.

Gari lilifika Kongowe vizuri. Keshokutwa yake haliwaki. Fundi wa mtaani kwao akalipima kwa kompyuta, akabadilisha kidude wanachokiita sensa, bado limenuna. Mkwe akaanza kupiga kelele kuwa fundi ndiye kaliua. Nilipokwenda kumwona binti yangu nikamkuta fundi kashusha tangi la adiblu, pampu imegandiwa na uji mweupe kama chokaa.

"Shikamoo mzee. Humu mtu kamwaga mbolea."

Badala ya kunyamaza, mdomo wangu huu! "Marahaba. Mbolea? Umefungua gari au shamba? Fundi gani wewe, hata jembe langu sikupi ulitie mpini!"

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti, mkwe naye.

Fundi hakucheka. Akanawa mikono, akasema, "Basi isomwe Halbadiri. Aliyeharibu gari hili, niwe mimi au mwingine, imshukie."

Nami kwa kiherehere changu: "Isomwe! Amina ya kwanza naitikia mimi."

Sasa kisomo chenyewe ni Ijumaa hii baada ya alasiri. Mashekhe wameshaambiwa, na mkwe kanitumia ujumbe: "Baba, wewe utakaa mbele." Fundi mwenyewe tangu siku ile haletewi gari hata la kuziba pancha. Bado namdharau. Mtu ana ukweli mkononi anashindwa kuutetea mbele ya kizee cha darasa la nne! Lakini simdharau kiasi cha kufa kwa ajili yake.

Nishaurini, nifanye nini? Nikiri, yule fundi anicheke mpaka kaburini? Au nikae mbele, kila ikifika amina nishikwe na kikohozi? Jibuni upesi. Hapa ninapoandika mkono unaniwasha, na sijui ni mbolea au mashekhe wameshaanza kusoma.