Mafuta ya Juu

Ukifika Bwera na njaa, usiulize hoteli. Uliza kwa Naimah. Watakuonyesha kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda mpaka wa Kongo, na mwanamke mwenye mtandio wa kijani anayekaanga samaki wa Katwe huku akigombana na wateja. Ukimwambia samaki mdogo, atakuambia nenda ziwani ukamlee mpaka akue. Ukimwambia mkavu, anamrudisha kwenye sinia bila hata kukutazama. Na bado watu hurudi, maana Naimah anajua mafuta. Kwa pua tu atakuambia haya yamepata moto sawasawa, haya yamechoka, haya yamechanganywa na ya jana. Hakuna mtu chini ya jua anayeweza kunidanganya kwa mafuta, ndivyo alivyokuwa akijisifu, maskini wee.

Alizaliwa Kilembe, katika nyumba za mgodi. Mto Nyamwamba ulipofurika ulichukua nyumba yao, na mama yao ndani yake. Baba alikuwa ametangulia zamani. Naimah, msichana bado, alitoka majini na mdogo wake Abubaker mgongoni. Wakashuka Kasese, wakakaa kwa watu, wakachoka kukaa kwa watu, wakaja Bwera. Hapo akaanza kukaanga na karai la kuazima. Alimlisha mtoto yule, akamsomesha mpaka mwenyewe alipoikataa shule, akamtafutia pikipiki ya kubebea mizigo. Aliolewa, akamzaa Nabila, mume akaenda Juba kutafuta maisha na akapotelea hukohuko. Abubaker akabaki ndiye mwanamume wa nyumba, na Naimah alimpenda kupita kiasi, tuseme ukweli.

Siku moja Abubaker akaleta dumu. "Dada, hii iko mafuta ya juu," akasema. "Haitoi moshi, haiishi haraka. Jaribu tu."

Sasa, Bwera kitu kikiitwa cha juu, maana yake ni bora. Kuna kitenge cha juu, kuna mchele wa juu. Naimah akafungua dumu, akanusa. Hayakunuka alizeti wala mawese, na yalikuwa maangavu kama maji ya kunywa. Alishangaa kidogo. Lakini mpakani hupita vitu vingi vya Kongo visivyo na jina, na aliyeleta hakuwa mtu baki. Akayamimina karaini. Wallahi, yalikaanga! Samaki alitoka mkavu nje, mkakamavu, na moshi haukuonekana. Naimah akaanza kuwatangazia wapita njia, "Njooni! Yangu iko mafuta ya juu!" Nabila akawa anakula makombo yanayobaki kwenye chujio. Dumu likaisha, Abubaker akaleta lingine.

Mteja wake wa kila siku alikuwa Kule, fundi wa laini za umeme, mtu mpole anayekula taratibu na kuongea sana. Mbele ya kibanda, juu ya nguzo mbili, kulikuwa na transfoma ya mtaa, kisanduku kikubwa cha kijivu kinachonguruma mchana kutwa. Mchana mmoja Naimah akamuuliza, kwa kumchokoza, kama ndani yake kuna mtu anayepika umeme.

"Hapana, Mama Nabila," Kule akacheka. "Umeme unatengenezwa kule mtoni Mubuku, maji yakizungusha mashine. Kazi ni kuuleta hapa. Umeme mwingi ukipita kwenye waya, waya unapata moto, na moto ule ni umeme unaopotea njiani. Ukiutuma hivihivi, ungefika Bwera umechoka, hata balbu haiwaki. Kwa hiyo kule unakotoka, transfoma moja inaupandisha nguvu ya kusukuma, ile tunaita volti, mpaka elfu nyingi. Ukisukumwa sana, kazi ileile inafanywa na umeme kidogo, na waya haupati moto. Ukifika hapa sasa, huyu mzee wa kijivu anaushusha, uingie nyumbani kwako bila kukuua."

"Anaushusha na nini? Ngazi?"

"Na waya tu. Ndani kuna chuma kimoja kimezungushiwa nyaya mbili. Wa kwanza mizunguko mingi sana, wa pili michache. Hazigusani kabisa. Umeme wetu haukai upande mmoja, unakwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na hapo chuma kinakuwa sumaku inayogeukageuka. Sumaku hiyo inaamsha umeme mwingine kwenye waya wa pili. Mizunguko ikiwa michache, volti inakuwa ndogo. Ikiwa mingi, inakuwa kubwa."

"Hazigusani, na moja inaiamsha nyingine?"

"Hazigusani, Mama Nabila. Haki ya Mungu."

Naimah alibaki na neno hilo kichwani hata alipokuwa akigeuza samaki. Alimwamini Kule, ila alipenda kuliwaza polepole.

Haikupita wiki, transfoma ikalipuka. Ilikuwa saa sita mchana, kishindo, moshi mweusi, kisha kimya. Mashine za kusaga zikanyamaza. Mafundi wa kuchomelea wakakaa kivulini. Katika zahanati ya mtaa, friji ya chanjo ikazimika, na akina mama waliokuja na watoto wachanga wakarudishwa nyumbani. Karai la Naimah ni la makaa, kwa hiyo yeye aliendelea kukaanga.

Kule alipanda, akafungua, akashuka uso umemwiva kwa hasira. Akaja kibandani kuomba maji ya kunawa. "Wamemwaga mafuta," akasema. "Zile nyaya zinakaa ndani ya mafuta, Mama Nabila. Ndiyo yanayoondoa joto, na ndiyo yanazuia cheche kuruka. Mutu amefungua kizibo cha chini siku umeme umekatika, akayachota. Huyu mzee amechemka mpaka amekufa."

Akanyoosha mikono iliyolowa mafuta yale. Naimah alikuwa amemshikia birika. Harufu ikampanda puani kabla maji hayajamwagika, nayo akaijua. Akainua macho, akaitazama nguzo mpaka juu. Mafuta ya juu. Abubaker hakumdanganya hata kidogo, alimwambia yanakotoka.

"Mafuta yale yakiliwa?" akauliza.

"Ni sumu. Nani atakula?"

Banange, jamani! Aliyekula ni Kule mwenyewe, kila mchana. Aliyekula ni Nabila. Naimah alimwaga karai zima kwenye shimo la taka, akafunga kibanda, akakaa juu ya ndoo. Alimchukia Abubaker, akajichukia yeye zaidi. Pua aliyojisifia maisha yake yote ilimwambia siku ya kwanza kwamba kitu hakiko sawa, naye aliinyamazisha kwa sababu samaki walitoka vizuri.

Jioni ile, watu wakiwa wameanza kunong'ona kwamba mwizi ni fundi mwenyewe, Abubaker akaja kula kama kawaida. Naimah akampakulia ugali na maharage. Abubaker akauliza leo mbona hakuna samaki. "Nimechoka samaki," akajibu. Alimtazama akila, mabega yale aliyoyabeba akiwa mtoto, na mara tatu neno lilimfika ulimini akalimeza. Kijana akashiba, akasema Alhamdulillahi, akaenda kulala.

Asubuhi minong'ono ikawa kelele. Watu walisema mwizi ni Kule. Nani mwingine ana spana za kule juu? Nani mwingine anajua kizibo kiko wapi? Mwenyekiti wa mtaa, mzee Kezironi, akaita mkutano palepale chini ya nguzo, na afande akaja na gari la polisi. Kule aliwekwa katikati akiwa ameshika kofia yake. Mkewe Evas alikuwa analia waziwazi. Vijana wa mashine za kusaga walikuwa wakipiga kelele kwamba apigwe kwanza, sheria itafuata.

"Mimi natengeneza, sibomoi," Kule alisema, na hakuna aliyemsikiliza.

Naimah alisimama nyuma, dumu la pili mkononi, likiwa limefunikwa kwa kanga. Aliwaza kwamba yeye hakupanda nguzo, hakushika spana, hakuigusa ile transfoma hata kwa kidole. Lakini bila karai lake, dumu lile lingepelekwa wapi? Alikuwa mbali nayo, na ni yeye aliyeifanya ichemke. Mbele yake Abubaker alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake, akitazama mkutano kama asiyehusika. Afande akamshika Kule mkono.

"Mwache!" Naimah akapaza sauti. "Afande, muache huyo mutu!"

Wakampisha. Akaliweka dumu chini, akafungua, akamwambia Kule anuse. Kule akanusa, akamtazama, akaitikia kwa kichwa.

"Nimekaangia haya," Naimah akasema. "Mumekula haya, wote mnaopita kwangu. Mtoto wangu amekula. Sikujua, lakini nilinusa, na sikuuliza. Mnisamehe au msinisamehe."

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja akatema mate. Mzee Kezironi akainua mkono. "Mama Nabila, nani alikuletea?"

Naimah akageuka kuitazama pikipiki. "Abubaker," akasema. "Mutoto wa mama yangu. Yule pale."

Abubaker hakuwasha pikipiki. Vijana walikuwa wamekwisha kumzunguka, na afande akawasukuma kando kwa ukali, "Hakuna kupiga! Rudi nyuma!" Akamfunga pingu. Walipompitisha mbele ya dada yake, kijana alisimama. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na mshangao tu.

"Dada, nilikula kwako jana," akasema. "Ulikuwa unajua. Ungeniambia usiku, saa hii ningekuwa nimevuka, niko Kongo."

"Na Kule angekuwa kwenye gari hii," Naimah akasema. "Ndiyo maana sikukuambia."

Akavua mtandio, akamfuta kijana jasho usoni kwa sababu mikono yake ilikuwa imefungwa, kisha akamwomba afande ampandishe na yeye garini.