Mwano Uliomkuta Kulwa Ubaoni

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka mto tu naanza kuuliza tutarudi lini. Kwa hiyo msidhani nilikwenda Geita kwa kupenda elimu. Aliyealikwa ni pacha wangu Kulwa, wa kidato cha sita, kwenye shule ya likizo ya nadharia ya namba. Mwishoni ungekuwepo mkutano wa wanafunzi kueleza tafiti zao, na watakaofanya vizuri wangechaguliwa kusoma Dar es Salaam. Mama akasema mapacha hawaachani safarini. Basi mimi Doto nikafungashwa kama mzigo.

Kwetu Didia tuliondoka alfajiri, juu ya lori la marobota ya pamba. Tulipofika Kagongwa utingo alishachoka na maswali yangu.

"Wenzenu wanakwenda Geita kuchimba dhahabu, nyie mnakwenda kuchimba namba?"

"Mwenye namba ni huyu," nikamwambia. "Mimi namsindikiza tu."

Geita tulilala kwenye shule iliyopakana na machimbo. Wiki nzima wanafunzi walihubiriwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, nami nikasinzia nyuma kwa heshima. Kulwa alikuwa na jambo lake: chukua namba tasa yoyote kuanzia tano, izidishe kwa yenyewe, toa moja, jibu hugawanyika kwa ishirini na nne. Mifano hata mimi niliiweza. Kazi ilikuwa kuthibitisha kwamba haiwezi kukosea kamwe.

Siku ya mkutano, Kulwa alisimama ubaoni na alishaonyesha kwamba jibu hugawanyika kwa nane. Ilibaki kuonyesha tatu, maana nane mara tatu ni ishirini na nne. Hapo tukasikia mwano, yowe la Kisukuma la kuitana kwenye hatari. Kwetu ukiusikia unaacha jembe, unaacha chakula, unakwenda.

"Endelea, kijana," akasema mhadhiri aliyesimamia mkutano. "Hao ni wachimbaji tu."

"Shimo limeanguka, Mwalimu. Wanaita watu."

"Ukitoka hurudi ubaoni. Majina yanafungwa leo."

Kulwa aliweka chaki chini taratibu, kama anayeogopa isivunjike. Nikamfuata.

Machimboni tulipokezana makarai ya kifusi hadi jua likazama. Mikono yangu ya kushika kalamu ilichubuka mapema, nikatukanwa kwa uzembe na watu nisiowajua. Mtu aliyefukiwa alitolewa hatimaye. Mdomo ulijaa udongo. Wazee walimtazama wakasema alikufa palepale shimo lilipoanguka. Mkewe alikuja kutushika mikono.

"Nyie wana wa wapi?"

"Wa Didia, Mama."

"Didia! Mmemfuata mume wangu kutoka mbali hivyo?"

 Kesho yake majina yalisomwa. La Kulwa halikuwamo. Mhadhiri alisema uthibitisho haukukamilika, na kwa kweli haukukamilika.

Njiani kurudi, juu ya lori tupu, nilimwomba anieleze kilichobaki. Akasema: katika namba tatu zinazofuatana, lazima moja igawanyike kwa tatu. Namba tasa yenyewe haigawanyiki, basi ni jirani yake mmoja, wa nyuma au wa mbele. Na majirani hao wawili ukiwazidisha ndilo lile jibu. Nilielewa mara moja, mimi mkia wa darasa.

"Mistari miwili tu!" nikapiga kelele. "Kulwa, mistari miwili! Na mtu mwenyewe alishakufa!"

"Tulijua?"

 Mwaka ule Kulwa alilima pamba pamoja nami, na mwaka uliofuata pia. Nilichojifunza Geita ni kwamba namba inakungoja mpaka uithibitishe, lakini mwano haungoji. Na aliyeitika anaweza kukosa vyote viwili, mtu na ubao.