Kiapo cha Yusufu na Kaburi la Tokaua

Jumatano, tarehe 20 Februari 2019. Upepo wa magharibi tangu alfajiri, mvua ya vipindi, na maji ya bahari ya mwezi mpevu yalipanda hadi jikoni.

Yalipotoka yaliondoka na ukingo wa mawe wa kaburi la Ten (yaani Bwana) Tokaua, kando ya nyumba. Mjane wake, Nei (yaani Bibi) Kaobunang, aliokota mawe aliyoweza kuyaona. Kwa miaka mwanawe Tebwaki alikuwa akimsihi ahamie kwake Tarawa, kisiwa kikuu, na jibu lilikuwa lilelile: Mungu alimwahidi Nuhu kwamba gharika haitarudi. Wengi kisiwani walijibu hivyo.

"Mama, ahadi ile ilikuwa ya dunia nzima," Tebwaki alimwambia jioni ile. Alikuwa amekuja na boti kumchukua. "Kipande chetu hiki hakikutajwa."

"Wewe na mdomo wako! Nani alikufundisha kubishana na Nuhu?"

"Sibishani naye. Yeye alikuwa na safina. Wewe una mkeka."

Hata Ten Bwaate, jirani na mzee wa kanisa aliyekuja kusali nao, alicheka. Kisha akaacha, maana kisima chake nacho kilikuwa kimeingia chumvi.

Nei Kaobunang hakucheka. Kilichomshikilia hakikuwa Nuhu. Hakuweza kumwacha mumewe peke yake na bahari.

Walisoma Biblia kuanzia walipoishia jana, kama kila jioni. Ilikuwa Kutoka, sura ya kumi na tatu. Nei Kaobunang, aliyekuwa akisoma, alipofika mahali Musa anapotoka Misri na mifupa ya Yusufu, aliishia hapo.

"Hili ni langu," alisema. "Mungu ananiambia nimchukue Tokaua."

Bwaate alikunja uso. "Dada, babu zetu waliweka mafuvu ya wazazi ndani ya nyumba, wakayapaka mafuta na kuyapa tumbaku. Tuliacha. Watu watasema umerudi kulekule."

"Kwani Musa naye alirudi kulekule?"

Mzee alijikuna goti. "Haya basi. Kama Musa alibeba, mimi ni nani nikukataze? Asubuhi tutachimba, na sala nitaomba mimi."

Tebwaki akatoka kwenda kuazima beleshi.

Nei Kaobunang alibaki na Biblia mapajani, moyo mwepesi kama haujawahi kulia. Alitaka kuusikia mstari ule tena. Safari hii aliufikisha mwisho: Yusufu mwenyewe ndiye aliyewaapisha wana wa Israeli. Ndiyo sababu alibebwa.

Akakumbuka. Tokaua, siku zake za mwisho, wakiwa wawili tu, alimshika mkono akasema, "Hii ni ardhi ya baba. Mnilaze hapa, na mtu asinitoe." Naye aliitikia. Hakuna mwingine aliyesikia. Akinyamaza sasa, asubuhi watachimba kwa nyimbo, na Tokaua atakuwa karibu naye Tarawa mpaka naye afe.

"Bwaate," alisema, "msichimbe."

"Eh! Mara hii tu umegeuka?"

"Yusufu aliomba abebwe. Wangu aliomba aachwe, nami nikamkubalia."

"Lakini dada, bahari..."

"Naijua bahari. Nilikuwa natafuta neno la kunipa ninachotaka. Nikalipata, nikaacha kusoma kabla halijaisha."

Tebwaki alirudi, akamtazama mama yake usoni, akaliegemeza beleshi nguzoni polepole. Akaketi karibu naye, bega kwa bega, mama akamsimulia alichoomba baba yake.

Asubuhi iliyofuata, maji yalipokuwa yametoka, Nei Kaobunang alifagia kaburi, akalimwagia kokoto nyeupe kutoka ufukweni na kuzisawazisha kwa viganja. Aliongea hapo kidogo, kwa sauti ambayo Tebwaki hakuisikia. Tokaua aliomba aachwe; hakuomba mkewe abaki. Kisha akaukunja mkeka wake, akaenda kwenye boti.