Kitambaa cha Kanzu ya Mzee Nabhan

Asikudanganye mtu kwamba Fakhria binti Nabhan ni mpole. Haongei tu. Ni Mwarabu wa Isevya, baba yake kauza nguo Tabora miaka yote, na mwaka sabini na nne akaletwa kwenye kijiji chetu cha ujamaa, huku porini Kaliua, apime damu zahanati. Watu wakacheka, wakasema hamalizi wiki. Huu mwaka wa tatu.

Kwetu mbung'o ni wengi na malale tunayajua. Mtu anasinzia uji ungali mdomoni. Dawa yake ni kali, inaweza kukuua yenyewe, kwa hiyo hospitali hawakuchomi mpaka mdudu aonekane kwenye damu. Na mdudu haonekani bila darubini, ile unayoweka tone la damu chini na kuchungulia juu. Tulikuwa nayo moja.

Mimi kazi yangu ilikuwa kufagia na kuchota maji pale. Dada yangu Katarina alipoanza kusinzia, nikaapa siku ya kupimwa kwake kila kitu king'ae. Asubuhi, Fakhria hajafika, nikachukua majivu laini nikasugua kioo cha juu cha darubini, kama tunavyosugua chimni ya taa. Nikajisifu kabisa.

Fakhria akaweka damu ya Katarina, akachungulia. Ukungu mtupu. Akaweka nyingine, ukungu. Mchana akaja Mwenyekiti Alois, akasema mashine imekufa, ipakiwe iende Dar es Salaam na treni ya kesho. Cherehani ya kijiji ilienda hivyo hivyo kutengenezwa, mpaka leo hatujaiona.

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia treni itapita juu yangu kwanza. Akanijibu nisogee, nanuka jasho.

Fakhria hakutusikiliza. Alishika kile kioo cha juu akakizungusha polepole huku anachungulia. Ukungu nao ukazunguka.

"Ungekuwa chini usingezunguka," akasema. "Uko hapa hapa."

Akakichomoa, akakiinamisha dirishani. Mikwaruzo. Akapitisha kidole ukingoni, kikatoka na unga wa kijivu. Akaangalia mikono yangu.

"Marko, umetumia nini?"

Nilitaka kukataa. Lakini dada yangu alikuwa kalala kwenye benchi, nzi anatembea mdomoni mwake na yeye hana habari.

"Majivu, dada."

"Basi imekufa na imezikwa," akasema Alois.

Fakhria hakunitukana. Bora angenitukana. Aliniuliza tu kama nimegusa na kioo cha chini. Nikasema hapana, kidole hakikufika. Akashusha pumzi.

Kwenye sanduku kulikuwa na kioo kingine cha juu, chenye nguvu ndogo, hakitumiki, kimeota kuvu la masika. Akakipuliza vumbi kwanza kwa mpira wa kusafishia masikio. Halafu akatoa kipande cha kanzu kuukuu ya baba yake, kimefuliwa mpaka hakitoi hata unyuzi. Tone moja la spiriti, kisha akapangusa kuanzia katikati akizunguka kwenda nje, bila kukandamiza. Akarudia, akarudia. Mimi nilikuwa nataka kupiga ukuta ngumi.

Akamtoboa Katarina kidole upya, akachungulia. Halafu akasogea pembeni.

"Njoo uone ulichotaka kutunyima."

Nikaona kitu kama uzi kinafurukuta, kinasukuma chembe za damu huku na huku.

Kesho yake treni ilimchukua Katarina, siyo darubini. Barua ya kumpeleka hospitali aliiandika Alois mwenyewe. Baada ya miezi miwili dada akarudi, kakonda, macho makavu hayana usingizi, anausema vibaya ugali wa hospitali kwa kila atakayemsikiliza.

Mimi nimeongezewa kazi. Nafua kile kitambaa cha kanzu: maji ya moto, sabuni, nasuuza mara saba, naanika ndani kwenye sanduku lisilo na vumbi. Fakhria anakiinua kwenye mwanga. Akiona unyuzi mmoja ananirudishia. Nakasirika, halafu nafua tena.